Timu iliyopoteza michezo 16 ya konferensi yake iliwezaje kuwa bingwa wa taifa? Turudi kwenye msimu wa 2022 wa besiboli ya vyuo Marekani

#1 Mkwezi

Salaam wakuu. Nimefuatilia besiboli ya vyuo vikuu tangu nilipokuja huku kwa masomo, na sijaona msimu uliovuruga imani yangu juu ya msimamo wa ligi kama ule wa 2022. Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi kilichopo Oxford, ilimaliza ratiba ya konferensi ya SEC (Southeastern Conference, yaani ligi ya vyuo vya kusini-mashariki) ikiwa imeshinda michezo 14 na kupoteza 16. Ikaenda kwenye mashindano ya konferensi pale Hoover, Alabama, na Vanderbilt ikaitoa katika mchezo wa kwanza tu. Kamati ilipochagua timu 64 za mashindano ya taifa, Ole Miss ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuingizwa. Kuanzia hapo ilishinda michezo 10 kati ya 11 na kutwaa ubingwa Omaha, mji wa Nebraska ambako timu nane za mwisho hukutana, ukiwa ubingwa wa kwanza wa taifa wa besiboli katika historia ya chuo hicho.

Sasa itazameni Tennessee ya mwaka huohuo. Ilishinda 25 kati ya michezo yake 30 ya konferensi, ikachukua kombe la Hoover, ikapangwa namba moja kitaifa, ikamaliza msimu kwa ushindi wa michezo 57 na kupoteza 9, na Omaha haikufika. Notre Dame ilikwenda Knoxville na kuitoa nyumbani kwake.

Kwa wasioufahamu utaratibu: timu ya SEC hukutana na wapinzani 10, kila mmoja mara tatu mfululizo mwishoni mwa wiki, aghalabu Ijumaa hadi Jumapili. Michezo 30 dhidi ya wapinzani wazito si kipimo kidogo. Dai langu ni kwamba kipimo hicho hupima kitu kingine kabisa, si kile kinacholeta ubingwa mwezi Juni. Ni kitu gani basi kinachouleta? Karibuni tujadili.

#2 Hesabu Kwanza

Mkuu Mkwezi, jibu langu ni fupi kuliko swali lako: besiboli ni mchezo ambao timu bora hushindwa mara nyingi mno. Seattle Mariners wa mwaka 2001 walishinda michezo 116 katika ligi ya kulipwa, idadi ambayo hakuna timu iliyowahi kuipita kwa msimu mmoja, na bado walipoteza 46. Ukiziingiza timu 64 kwenye mashindano ya wiki chache, hatua ya kwanza ikawa ni kutolewa ukifungwa mara mbili na hatua ya pili ikawa ni mbili katika tatu, mara kwa mara utapata bingwa ambaye hakuna aliyemtarajia. Mwaka 2008 Fresno State iliingia ikiwa imepangwa ya nne kati ya timu nne za kituo chake, ikaja kuifunga Georgia kwenye fainali. Hatuhitaji sababu ya pekee kwa Ole Miss zaidi ya hiyo.

#3 Shangazi wa Memphis

Nakuheshimu, ndugu Hesabu, lakini mimi niliiona timu ile kwa macho yangu na siamini kwamba ilikuwa bahati nasibu. Ninaishi Memphis, Oxford ni mwendo mfupi wa gari, na mwishoni mwa Machi 2022 nilikwenda na wanangu kuitazama Ole Miss ikiipokea Tennessee. Wiki ile Ole Miss ilikuwa namba moja nchini. Nyuma ya uzio wa upande wa kulia wanafunzi husongamana na vikombe vyao, na mchezaji wa nyumbani akipiga homurani, yaani mpira ukavuka uzio, bia yote hurushwa hewani hadi walio chini wanalowana nywele na mashati. Jioni ile ya Ijumaa bia ilikaa vikombeni muda mrefu sana, kwa sababu Tennessee ilishinda 12–1, kesho yake ikashinda 10–3, na Jumapili ikamalizia kwa 4–3.

Nilichokiona ni timu yenye wapigaji wazuri isiyokuwa na mrushaji, yaani anayewarushia mpira wapigaji wa upande wa pili, wa kuaminika wa kuanzisha mchezo. Baadaye kocha Mike Bianco alimtoa Dylan DeLucia kwenye kundi la warushaji wa akiba na kumpa mchezo wa Ijumaa, kisha akamwamini Hunter Elliott, kijana wa mwaka wa kwanza anayerusha kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo timu iliyopoteza michezo ile 16 na timu iliyotwaa kombe zilivaa jezi moja tu. Kwa uwezo zilikuwa timu mbili tofauti.

#4 Bin Seif

Nimesoma hoja zote tatu, ila mnasahau jambo lililo wazi: timu za SEC hubebwa. Hupewa uenyeji wa hatua za mwanzo, hucheza mbele ya mashabiki wao, kisha tunaambiwa kuwa zina moyo wa ushindi. Timu ya konferensi ndogo ingepewa uenyeji uleule, nayo ingefika Omaha.

#5 Nahodha Mstaafu

Bin Seif, hoja ya uenyeji ina uzito kwa msimu mzima, lakini si kwa Ole Miss ya 2022, ambayo haikucheza mchezo hata mmoja wa mashindano ya taifa nyumbani kwake. Ilianzia Coral Gables, Florida, uwanjani kwa Miami iliyokuwa imepangwa namba sita, na huko ikaifunga Arizona 7–4, ikaifunga Miami yenyewe 2–1, kisha ikarudiana na Arizona na kuichapa 22–6. Siku hiyo nahodha wao Tim Elko alipiga homurani tatu. Hatua ya pili ikasafiri hadi Hattiesburg kwa Southern Miss, chuo cha jimbo hilohilo la Mississippi kilichokuwa na hamu kubwa ya kumwonyesha jirani yake mkubwa, na ikashinda 10–0 na 5–0. Uwanja mzima ulikuwa dhidi yake, na hakuna mwenyeji aliyepata hata pointi moja katika siku zote mbili.

Tena mwaka ule uenyeji haukuwasaidia wengi. Kati ya timu nane zilizofika Omaha, nne hazikuwa miongoni mwa zile 16 zilizopangwa kwa namba na kupewa uenyeji: Ole Miss, Arkansas, Oklahoma na Notre Dame.

#6 Bin Seif

Ahsante kwa ufafanuzi, Nahodha. Hata hivyo, zipo njia nyingi za kubebwa. NC State ilifika fainali ya mashindano ya ACC, konferensi nyingine kubwa, na ikaachwa nje ya timu 64, ilhali timu iliyoshindwa zaidi ya nusu ya michezo yake ya konferensi iliingizwa. SEC ilipata nafasi tisa mwaka ule. Kama jina la konferensi lisingekuwa na thamani kuliko matokeo, uzi huu usingekuwepo.

#7 Mlinda Uzio

Kamati haikutazama ushindi na kushindwa peke yake. Hutazama pia uzito wa ratiba, na hapo ndipo konferensi inapoinua timu zake: kufungwa na Tennessee au Texas A&M hakukuumizi kama kufungwa na timu dhaifu. Lakini mimi nataka kuitetea hoja ya Mkwezi kwa njia ambayo bado haijasemwa, nayo inahusu siku za mapumziko.

Mwishoni mwa wiki ya konferensi unahitaji warushaji watatu wa kuanzisha, kwa sababu unacheza siku tatu bila nafasi, na mrushaji aliyefanya kazi ya mchezo mzima hawezi kurudi kabla ya siku kadhaa. Timu yenye wawili wazuri na wa tatu wa wastani itaumia Jumapili, wiki baada ya wiki, mara kumi. Omaha hali ni tofauti. Timu inayoshinda michezo yake ya mwanzo hupata siku za kupumua kati ya mchezo na mchezo, na wale wawili wazuri wanaweza kubeba karibu mzigo wote. DeLucia alianza dhidi ya Auburn tarehe 18 Juni, Ole Miss ikashinda 5–1. Elliott akafuata dhidi ya Arkansas, 13–5. Arkansas ilipolipiza 3–2 na kulazimisha mchezo wa kuamua, DeLucia alikuwa tayari amepumzika, na tarehe 23 Juni akarusha awamu zote tisa peke yake, akaruhusu mipigo minne tu iliyomfikisha mpigaji kituoni, bila kumpa mpigaji yeyote nafasi ya kwenda kituo cha kwanza bure, wakashinda 2–0. Kama ingekwenda Omaha na warushaji watatu wa kawaida, sidhani kama Ole Miss ingetoka salama katika mchezo ule.

Kwa hiyo msimamo wa konferensi hupima kina cha kikosi, na Juni hupima ncha yake.

#8 Hesabu Kwanza

Hoja nzuri, Mlinda Uzio, ila inaishia pale tunapouliza kwa nini Tennessee haikufaidika nayo. Warushaji wao walikuwa miongoni mwa bora nchini kwa kina na kwa ncha pia. Ben Joyce mwaka ule alirusha mpira wa maili 105.5 kwa saa, na wapigaji wao waliongoza nchi nzima kwa homurani 158. Wakatolewa na Notre Dame kwa michezo miwili kwa mmoja. Kama ncha ndiyo siri, ncha ile iliteleza wapi? Narudi palepale: michezo mitatu ni michache mno.

#9 Dada Mwasiti

Kaka Hesabu, kila mlango unaufunga kwa ufunguo mmoja! Naomba niongeze jambo la umri, kwa sababu nilifanya kazi ya kuwasaidia wanafunzi wanamichezo na masomo katika chuo kimoja cha kusini, na niliona kwa karibu jinsi janga la UVIKO lilivyoubadilisha mchezo huu.

Msimu wa 2020 ulisimamishwa Machi. Ole Miss wakati huo ilikuwa imeshinda michezo 16 na kupoteza mmoja tu. Wachezaji wote wa mwaka ule waliongezewa mwaka wa ziada wa kucheza, na wakati huohuo ligi ya kulipwa ilipunguza uchaguzi wake wa wachezaji hadi raundi tano. Vijana wengi ambao kwa kawaida wangeondoka walibaki. Vyuo vya besiboli vilikuwa na ufadhili wa masomo sawa na wanafunzi 11.7 tu wa kugawana kikosi kizima, kwa hiyo wengi walikuwa wakilipa sehemu kubwa ya ada zao wenyewe, na kubaki mwaka mwingine ulikuwa uamuzi wa familia nzima. Nilikaa na mzazi mmoja aliyepiga hesabu ya kodi ya nyumba, vitabu na chakula juu ya karatasi mbele yangu, kisha akamwambia mwanawe abaki.

Elko alikuwa mmoja wa waliobaki. Mwaka 2021 alichanika mshipa wa goti, akarudi uwanjani baada ya wiki chache akiwa amefungwa kifaa cha kulishikilia goti, na bado akapiga homurani. Mwaka 2022 alikuwa katika msimu wake wa tano. Timu ya wakubwa kama hao haitetereki ikiwa 7–14 kwenye konferensi, yaani ushindi 7 na kushindwa 14, jambo ambalo kikosi cha vijana wa miaka 19 kingeshindwa kulistahimili.

#10 Mkwezi

Dada Mwasiti, hiyo 7–14 uliyoitaja ndiyo kiini. Mwanzoni mwa Mei walikuwa hapo, na kwa jumla 24–19. Walimaliza 42–23. Maana yake ni kwamba kuanzia hapo walishinda 18 na kupoteza 4. Waliifunga Missouri zote tatu, wakaenda Baton Rouge na kuifunga LSU zote tatu nyumbani kwake, wakapoteza mbili kati ya tatu kwa Texas A&M iliyokuja kuongoza upande wa magharibi wa konferensi. Hili linampa Shangazi nguvu: mabadiliko yalianza ndani ya konferensi, kabla ya kamati kuamua lolote.

#11 Shangazi wa Memphis

Ndivyo, mwanangu.

#12 Kijana wa Lugazi

Wakuu, natokea Uganda na nimefurahi kuona mchezo huu ukijadiliwa kwa lugha yetu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto pale Williamsport, Pennsylvania, na waliifunga timu ya Oregon 3–2. Tangu siku hiyo wengi wetu tunafuatilia mchezo huu mpaka ngazi ya vyuo. Swali langu kwa waliowahi kufika Omaha: je, umati una nafasi katika matokeo, hasa ukizingatia kwamba uwanja ule si wa timu yoyote?

#13 Nahodha Mstaafu

Karibu sana, kijana wetu. Omaha imeandaa mashindano haya tangu 1950, na wenyeji huchagua timu ya kuipenda kila mwaka. Lakini mwaka 2022 watu wa Mississippi walisafiri kwa wingi usio wa kawaida. Mkahawa wa Rocco's, ulio ng'ambo ya barabara kutoka uwanjani, huhesabu vikombe vidogo vya kileo vinavyonunuliwa na mashabiki wa kila timu na kuandika idadi ubaoni. Wa Ole Miss walifikisha 18,777, idadi ambayo hakuna shabiki mwingine aliyewahi kuifikia hadi wakati huo. Mwaka uliofuata watu wa LSU waliipita mbali. Sisemi kwamba vikombe hushinda mchezo, ila mrushaji wa Oklahoma, wapinzani wao wa fainali, alikuwa akirusha katikati ya bahari ya jezi nyekundu na buluu ambazo hazikuwa zake.

#14 Bin Seif

Nahodha, umetoka kwenye uchambuzi na sasa unatuuzia tiketi za Omaha. Turudi kwenye fainali yenyewe, maana hapo ndipo nadharia zenu zote zinapokutana. Mchezo wa kwanza Ole Miss ilishinda 10–3, na katika awamu ya nane McCants, Harris na Bench walipiga homurani tatu mfululizo, mpigaji baada ya mpigaji. Hiyo ni nguvu halali, sina neno.

Mchezo wa pili ndio unaonisumbua. Cade Horton wa Oklahoma aliwatoa wapigaji 13 kwa straiki tatu, yaani kwa kushindwa kuipiga mipira yake, idadi ambayo hadi wakati huo hakuna mrushaji aliyewahi kuifikia katika fainali za mbili katika tatu. Awali, Oklahoma ilipata pointi kwa mpira wa kugusa, waamuzi wakatazama marudio, wakasema mkimbiaji alimzuia mlinzi wa kituo cha kwanza, pointi ikafutwa. Hata hivyo iliingia awamu ya nane ikiongoza 2–1. Horton akatoka, Jacob Gonzalez wa Ole Miss akapiga mpira uliosawazisha, kisha mpira mmoja ukarushwa vibaya ukampita mdakaji, mkimbiaji akaingia. Mwingine ukarushwa vibaya vilevile, mwingine akaingia. Ikawa 4–2, na awamu ya tisa Brandon Johnson, mrushaji wa Ole Miss, akawatoa wapigaji watatu wote kwa straiki. Niambieni, ni ncha gani ya warushaji, ni umri gani na ni bia ipi iliyosababisha mipira ile miwili impite mdakaji?

#15 Mlinda Uzio

Mrushaji wa akiba aliyechoka huitupa mipira ya namna ile, Bin Seif, na Oklahoma ilikuwa imewatumia wake kwa muda mrefu mwezi ule, kwani nayo ilifika hapo kwa kushinda ugenini Gainesville na Blacksburg. Hunter Elliott ndiye aliyeanza kwa upande wa Ole Miss na akakaa muda wa kutosha kuwahifadhi wenzake. Uchovu haurekodiwi kwenye jedwali la matokeo.

#16 Hesabu Kwanza

Wala uchovu huo haujathibitishwa hapa.

#17 Mwanamsimu

Nimesoma toka mwanzo na nashukuru kwa maarifa. Naona kuna ushahidi ambao haujaletwa, nao unahusu kilichowapata mabingwa baadaye. Mississippi State ilitwaa ubingwa wa 2021. Mwaka 2022, ikiwa bingwa mtetezi, ilimaliza konferensi kwa ushindi wa michezo 9 na kupoteza 21, haikufuzu hata kwenda Hoover. Ole Miss, bingwa wa 2022, mwaka 2023 ilishinda 6 na kupoteza 24. Vyuo viwili vya jimbo moja, vikifuatana, vilitoka kileleni hadi chini kabisa ndani ya mwaka mmoja.

Tafsiri yangu ni kwamba katika konferensi hii umbali kati ya wa kwanza na wa mwisho ni mdogo sana kuliko msimamo unavyoonyesha. Mrushaji mmoja akiumia, wapigaji watatu wakichukuliwa na ligi ya kulipwa, unaporomoka. Ni sawa na timu ya katikati ya Ligi Kuu kuchukua Kombe la FA: hushangai ukijua kwamba kila Jumamosi inakutana na walewale wakubwa. Tangu 2019 kila bingwa wa taifa ametoka SEC: Vanderbilt, Mississippi State, Ole Miss, LSU, Tennessee, kisha LSU tena mwaka 2025, ukiondoa 2020 ambapo mashindano hayakufanyika. Kwa hiyo 14–16 ya konferensi hii ingeweza kuwa msimu mzuri sana kwingineko.

#18 Dada Mwasiti

Mwanamsimu, maelezo yako yanaunga mkono ya kwangu pia. Elko, Bench na wenzao wa umri ule waliondoka baada ya 2022, na pengo likaonekana mara moja.

#19 Shangazi wa Memphis

Na ya kwangu pia, kwa sababu DeLucia naye aliondoka, na mwaka 2023 Elliott aliumia mkono mapema. Warushaji wale wawili ndio walioifanya timu, na walipokosekana tulirudi kule nilikokuona Machi ile.

#20 Bin Seif

Sasa kila mtu anaichukua 6–24 kuwa shahidi wake! Naleta wa kwangu. Mwaka 2025 SEC ilipewa nafasi 13 kati ya 64, idadi ambayo haijawahi kupewa konferensi yoyote. Vanderbilt ikapangwa namba moja kitaifa, ikawa mwenyeji Nashville, na ikatolewa hapohapo nyumbani katika hatua ya kwanza kwa kufungwa na Louisville, kisha Wright State. Mwaka huohuo Murray State, iliyopangwa ya nne katika kituo chake, ilifika Omaha. Kama konferensi ni ngumu kiasi anachosema Mwanamsimu, timu yake iliyopangwa juu ya zote ilitakiwa kuvuka wikendi moja tu.

#21 Mwanamsimu

Na mwaka 2024, ndugu yangu, timu nane za Omaha zilikuwa nne za SEC na nne za ACC, hakuna nyingine kutoka popote. Ubingwa ukachukuliwa na Tennessee, namba moja wa kitaifa, ambaye ni wa kwanza kupangwa hapo na kushinda tangu Miami ya 1999. Mwaka ule msimamo ulisema kweli.

#22 Hesabu Kwanza

Mara moja katika miaka 25, basi. Mkwezi, ukipata nafasi utuwekee hapa nafasi za konferensi za mabingwa wote tangu mfumo wa timu 64 ulipoanza mwaka 1999, tuone Ole Miss inasimama wapi kati yao.

#23 Mkwezi

Nitaanza na zile za SEC wikendi hii, kisha nyingine nitaziongeza kadiri nitakavyozipata. Mwenye kumbukumbu nzuri ya Fresno State ya 2008 katika konferensi ya WAC anisaidie, kwa sababu ilimaliza mwaka ule ikiwa imepoteza michezo 31 kwa jumla, minane zaidi ya Ole Miss.